Soma Sentensi ya Pili, Halafu Utafute ya Tatu



Wiki jana binamu yangu alinitumia PDF saa nne usiku. Kurasa kumi na moja. Upande wa kushoto Kijerumani, upande wa kulia Kiingereza. Ulikuwa mkataba wa kazi ya kulea wazee kwenye mji fulani Ujerumani, na ajenti alikuwa amempa mpaka asubuhi atie sahihi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Cuzo, si wewe ndio unasoma Kijerumani? Niangalilie kama iko sawa, aki."

Mimi niko B1. Sijui sheria, najua tu kushika kamusi. Lakini nilikaa na hiyo PDF mpaka saa nane, na ukurasa wa nne nikakwama.

Kiingereza kilisema saa za ziada zitarudishwa kama mapumziko "always". Yaani kila mara, bila swali. Binamu alikuwa amefurahia hiyo laini mpaka akaipigia mstari. Upande wa Kijerumani hapo hapo palikuwa na neno grundsätzlich. Ukiliskia mtaani kule, mtu akikuambia yeye hali nyama grundsätzlich, anamaanisha hali kabisa, ni msimamo wake. Lakini likivaa suti na kuingia kwenye mkataba, linageuka. Mwanasheria wa Kijerumani akiandika grundsätzlich anamaanisha: hiyo ndiyo kanuni, ila jua kuna siku haitafuatwa.

Kiswahili tunalo hilo neno kabisa. Ni "kimsingi". Mwanasiasa akikuambia "kimsingi tumekubaliana", wewe Mkenya unajua kuna "lakini" iko njiani inatafuta parking. Sasa mtu alichukua "kimsingi" akaitafsiri "kila mara". Halafu ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo: lugha hizi mbili zikitofautiana, Kijerumani ndicho kitashinda.

Nilimpigia simu saa hiyo hiyo. "Usisaini."

Naandika hii kwa sababu si binamu yangu peke yake. Tangu Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi makubaliano ya ajira na uhamiaji kule Berlin, kila mtu kwa mtaa ana mtu anayesoma Kijerumani. Madarasa ya A1 yamejaa. Tunafundishwa kuagiza kahawa, kuuliza njia, kueleza familia yetu iko na watu wangapi. Hakuna mtu anatufundisha kusoma sentensi inayokupa haki na ile inayoifuata ikiipunguza. Na nikiwa mkweli, hata kwa Kiingereza chetu cha hapa nyumbani hatujui kuisoma. Tunapiga kelele sentensi ya kwanza. Karao anatusomea sentensi ya pili. Ya tatu hakuna anayeifungua, na ndiyo inayotulinda.

Twende polepole.

Anza na neno lenyewe. Kwa Kijerumani, Recht ni haki yako, na pia ni sheria yote ya nchi. Ukitaka kusema mtu yuko sahihi, unasema ana Recht. Neno moja, kazi tatu. Ndiyo maana wanasheria wao inabidi waongeze maneno mbele: Recht ya aina hii ni sheria, Recht ya aina ile ni haki ya mtu. Kiingereza kiligawanya: "law" kivyake, "right" kivyake. Sisi pia tuligawanya, sheria na haki. Lakini haki yetu nayo imebeba mizigo. Ni kile ninachostahili, na pia ni uadilifu wenyewe. Ndiyo maana neno haki liko kwenye wimbo wa taifa, liko kwenye maandamano, na liko hata ukimwomba mtu bando: "aki tafadhali". Kwa hivyo tukisema "hiyo ni haki yangu", kichwani tunaskia "hiyo ndiyo sawa, hakuna wa kunizuia". Mahakamani, "nina haki" ni mwanzo tu wa mazungumzo. Haki ya nani? Ya kufanya nini? Dhidi ya nani? Mpaka wapi?

Tuanze na nani. Fungua Katiba ya Ujerumani, ile wanaiita Grundgesetz, ya tarehe 23 Mei 1949. Kifungu cha 5 kuhusu kutoa maoni kinaanza na Jeder: kila mtu. Kifungu cha 8 kuhusu kukusanyika kinaanza na Alle Deutschen: Wajerumani wote. Kifungu cha 12 kuhusu kuchagua kazi, tena Wajerumani wote. Mpaka wa kwanza umefichwa kwenye neno la kwanza kabisa, kabla hata hujafika kwa kitenzi. Hiyo haimaanishi mgeni akiandamana anafungwa. Sheria ya kawaida ya mikutano inampa nafasi yeye pia. Lakini ulinzi wake umetoka kwa sheria ya bunge, na sheria ya bunge ni rahisi kubadilisha kuliko katiba.

Usicheke Wajerumani haraka. Yetu ya 2010 inafanya vivyo hivyo. Kifungu cha 37 cha maandamano kinasema kila mtu. Kifungu cha 35 cha kupata habari kutoka serikalini kinasema kila raia. Umewahi kuona hiyo tofauti? Mimi niliiona baada ya kusoma ya Wajerumani kwanza. Aibu ndogo.

Sasa vitenzi. Hapa ndipo watu wanaumia kwenye mikataba.

Kijerumani cha sheria kina ngazi. Muss ni lazima. Soll ni lazima kwa kawaida, isipokuwa kuna sababu ya kipekee. Kann ni hiari ya yule aliyetajwa. Darf ni ruhusa. Ukiwa umetoka kwa Kiingereza unaingia mtego mara mbili. Wa kwanza: soll inafanana na "shall", na "shall" ya sheria ya Kiingereza ni amri. Soll haijafika hapo. Ukiambiwa mwajiri soll kufanya kitu, ameachiwa mlango kidogo. Wa pili ni mbaya zaidi. "Must not" ya Kiingereza ni marufuku. Muss nicht ya Kijerumani ni si lazima. Ukitaka kukataza kwa Kijerumani unatumia darf nicht. Kwa hivyo msee anaweza kusoma sentensi inayomwachia huru akadhani amekatazwa, au asome iliyomkataza akadhani ni hiari.

Kiswahili hakina hiyo shida hata kidogo. "Si lazima uje" na "usije" hakuna mtoto wa nasari anazichanganya. Ndiyo maana ushauri wangu kwa binamu ulikuwa huu: usitafsiri Kijerumani kwa Kiingereza. Kilete moja kwa moja kwa Kiswahili. Kila sentensi iandike upya chini yake ukitumia lazima, si lazima, naruhusiwa, nimekatazwa, kwa kawaida. Ikikataa kukaa kwenye moja ya hayo matano, hapo ndipo pa kuuliza swali.

Kuna neno moja zaidi la kubeba: Anspruch. Ni haki yenye jina la mdaiwa. Sheria yao ya likizo haisemi tu likizo ni kitu kizuri. Inasema kila mfanyakazi ana Anspruch ya likizo yenye malipo kila mwaka, yaani kuna mtu anayedaiwa hiyo likizo, na huyo ni mwajiri. Kisha inahesabu: siku 24. Ukiona 24 na unajua sheria yetu ya ajira ya 2007 inataja 21, utasema heh, wametupita. Subiri. Siku 24 zao zinahesabiwa kwa Werktage, na Jumamosi imo ndani. Kwa wiki ya siku sita hizo ni wiki nne kamili. Zetu 21 ni siku za kazi, na ukifanya kazi siku tano kwa wiki zinafika wiki nne na siku moja juu. Namba ilisema moja, neno lililo kando yake likasema lingine.

Sawa. Tutoke kwenye mkataba twende barabarani, kwa sababu najua ndiyo mnangoja.

Haki ya kutoa maoni kwenye Grundgesetz ina sentensi ya pili. Inasema haki hizi zinakutana na Schranken zake kwenye sheria za kawaida, kwenye kulinda watoto na vijana, na kwenye heshima ya mtu binafsi. Schranke ni ule mti mwekundu kwa mweupe kwenye njia ya reli, au pale getini kwa estate ambapo soja anauinua gari likipita. Nimelipenda hilo neno. Schranke si ukuta. Ina mahali pake, ina mtu anayeisimamia, ina sababu ya kushuka, na sababu ikiisha lazima ipande.

Marekani waliandika kwa Kiingereza na kwa njia nyingine kabisa. Nyongeza yao ya kwanza ya katiba, ya 1791, inaambia bunge tu lisitunge sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Hakuna sentensi ya pili. Ukiisoma unadhani hakuna mpaka. Mipaka ipo, lakini iko kwenye hukumu za mahakama, miaka na miaka ya hukumu. Kwa hivyo kijana wa Nairobi anayejifunza "freedom of speech" kwa filamu za Marekani anajifunza haki iliyofichiwa mipaka yake. Halafu anatua Berlin.

Na Berlin mambo ni tofauti. Kule kumtusi mtu, tusi tu, ni kosa la jinai. Mtu anaweza kupigwa faini kwa kumwonyesha dereva mwenzake kidole. Kukana mauaji ya Wayahudi ya enzi za Wanazi ni jinai. Hapa kwetu Mahakama Kuu ilitupa nje kosa la jinai la kuchafulia mtu jina mwaka wa 2017. Bado unaweza kushtakiwa ulipe fidia, lakini si kutupwa ndani kwa kosa hilo. Sasa zile komenti zako za saa sita usiku, unazotupia kila mtu kuanzia MCA mpaka refa, fikiria ukiziandika ukiwa kule. Sisemi nani ana Recht hapo. Nasema mti wa gate hauko mahali pamoja kila nchi, na si kosa la mti kama hukuuangalia.

Maandamano sasa. Kifungu cha 8 cha Wajerumani kinasema wanakusanyika kwa amani, bila silaha, ohne Anmeldung oder Erlaubnis. Bila taarifa wala ruhusa. Maneno mawili tofauti, yamewekwa kando kwa kando ndiyo hata mjinga asiyachanganye. Halafu sentensi ya pili: mikutano ya nje inaweza kuwekewa mipaka na sheria. Na kweli sheria yao ikasema ya nje utatoa taarifa, saa 48 kabla ya kuutangaza. Taarifa ilirudi kupitia mlango wa sentensi ya pili. Ruhusa haikurudi.

Linganisha na Kenya. Kifungu cha 37 kinatupa kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka taarifa kwa polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Taarifa. Na ni mara ngapi umeskia afisa kwenye taarifa ya habari akisema "hawakupewa kibali"? Kibali ni ruhusa. Mtu mmoja amebadilisha neno moja, na haki imegeuka kuwa fadhila. Mwaka wa 2024 wakati wa Mswada wa Fedha, tulibeba Kifungu cha 37 kwenye simu, kwenye mabango, kwenye fulana. Vizuri sana. Lakini ni wangapi kati yetu tungeweza kumwambia karao kwa utulivu: "Afande, sheria inasema taarifa, haisemi ruhusa"? Si kwamba ingemzuia kila afande kurusha gesi. Lakini mbele ya hakimu Jumatatu asubuhi, hiyo tofauti ndiyo kesi.

Hapo ndipo sentensi ya tatu inaingia.

Ujerumani iliwahi kuwa na katiba yenye haki nzuri sana, ile ya 1919. Ilikuwa pia na mlango wa dharura uliomruhusu rais kuzisimamisha. Tarehe 27 Februari 1933 jengo la bunge likachomeka. Kesho yake tu, amri moja ikasimamisha haki saba kwa mpigo: uhuru wa mtu, wa nyumba yake, wa barua na simu, wa kusema, wa kukusanyika, wa kuunda vyama, na wa mali. "Mpaka itakapoamuliwa vinginevyo." Mti ulishuka na haukupanda tena mpaka Wanazi wakaisha.

Waliokuja kuandika Grundgesetz walikuwa wameona hiyo. Kwa hivyo baada ya haki, na baada ya mpaka, wakaweka mpaka wa mpaka. Wanasheria wao wanaiita hivyo kabisa, Schranken-Schranken. Kifungu cha 19 kinasema sheria ikitaka kupunguza haki, iitaje kwa jina na namba ya kifungu, isiikate kimya kimya gizani. Na kwamba kiini cha haki hakiguswi kwa vyovyote. Kitenzi ni kile kile cha Kifungu cha 1, kinachosema utu wa binadamu hauguswi. Angalia walivyoandika: hauguswi. Si "usiguswe", si "utalindwa". Wameandika kama kitu ambacho tayari ni kweli, sawa na kusema jua liko juu. Juu ya hayo kuna kipimo cha mahakama zao: hata hatua halali isizidi ukubwa wa tatizo. Wana msemo, usipige shomoro kwa mizinga.

Sasa fungua yetu, Kifungu cha 24. Si 33, si 37. 24, ile hakuna mtu anaiweka kwenye fulana. Imeandikwa kwa Kiingereza lakini hilo wazo ni lile lile. Sheria ikipunguza haki lazima iseme wazi inaipunguza, na kwa kiasi gani. Isifike kwenye kiini chake. Lazima iangaliwe kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kufika hapo hapo. Na ile inayonifurahisha zaidi: anayetaka kuweka mpaka, hata kama ni Serikali, ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba unafaa. Kisha Kifungu cha 25 kinataja vinne visivyo na mpaka wowote: kuteswa, utumwa, kesi ya haki, na amri ya kumleta mtu aliyeshikiliwa mbele ya mahakama.

Hiyo si hadithi ya vitabuni. Tulikuwa na Kifungu cha 29 kwenye sheria ya mawasiliano, kilichofanya kosa kutuma kitu ambacho ni "grossly offensive". Kinachochukiza mno. Adhabu ilikuwa hadi miezi mitatu ndani, au faini ya hadi shilingi 50,000, au zote mbili. Watu walishikwa kwa posti za Facebook. Kijana mmoja aliyeshtakiwa akaenda Mahakama Kuu na swali ambalo sote tungeuliza: kinachochukiza nani? Kiasi gani? Nitajuaje kabla sijapost? Aprili 2016 mahakama ikakubaliana naye kwamba maneno hayo hayana umbo, na Serikali haikuwa imeonyesha kwa nini mpaka huo unafaa. Kifungu kikaanguka. Kiliangushwa na sentensi ya tatu. Angebaki kupiga kelele "nina uhuru wa kusema", wangemjibu "uhuru una mipaka", na wote wawili wangekuwa sahihi, na yeye angefungwa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Haki haikai kwenye sentensi moja. Ni sentensi tatu: unachopewa, mahali kinaishia, na mahali hata huo mwisho unaishia. Anayekusomea ya kwanza peke yake anataka kura yako au sahihi yako. Anayekusomea ya pili peke yake anataka unyamaze. Na sisi wenyewe tukisoma ya kwanza tu, tunawasaidia wote wawili.

Kitu ya kufanya si ngumu. Katiba ya Kenya ipo kwa Kiswahili, na Kiswahili ni lugha rasmi, si ya kuchekesha tu TikTok. Chukua kifungu kimoja kwa wiki. Andika sentensi tatu zake kwa lugha unayoota nayo. Ukienda Ujerumani, fanya hivyo hivyo kwa mkataba kabla ya kuangalia mshahara.

Binamu yangu? Hakusaini asubuhi hiyo. Ajenti alikasirika, akasema anachelewesha watu. Tukaandika barua pepe ya sentensi mbili kwa mwajiri: grundsätzlich hapa inamaanisha nini, na siku isipofuatwa mnalipa nini? Jibu lilichukua siku sita. Waliandika laini upya: saa za ziada zikikosa kurudishwa kama mapumziko ndani ya miezi mitatu, zinalipwa pesa. Hawakukasirika hata kidogo. Walikuwa tu wanangoja mtu aulize.

Amesaini Jumanne. Na kwenye nakala yake, chini ya ile laini aliyokuwa ameipigia mstari, ameandika kwa kalamu: kwa kawaida, na isipokuwa hivyo wananilipa.